Willie O'Ree: Mchezaji mweusi wa kwanza NHL aliyeficha siri ya jicho lake

Ukifungua takwimu zake za NHL, ligi kubwa kuliko zote ya hoki ya barafu duniani, huwezi kushtuka. Mechi 45. Mabao 4. Pasi za mabao 10. Basi.

Kuna wachezaji maelfu wenye namba kama hizo, na wengi wao hakuna anayewakumbuka. Lakini mwaka 2022 klabu ya Boston Bruins ilistaafisha jezi namba 22 aliyoivaa huyu jamaa, yaani hakuna mchezaji mwingine wa klabu hiyo atakayeivaa tena. Mwezi huohuo Marekani ikapitisha sheria ya kumpa Medali ya Dhahabu ya Bunge, moja ya heshima kubwa kabisa ambazo raia anaweza kupewa nchini humo.

Kwa nini heshima yote hiyo kwa mtu wa mabao manne?

Jibu fupi: Willie O'Ree ndiye mweusi wa kwanza kucheza NHL. Jibu refu ni kwamba alifanya hivyo akiwa haoni kwa jicho la kulia, na alijua kabisa kwamba wakubwa wakigundua, safari yake inaishia hapohapo.

Makala hii inakupa safari yake, hatua kwa hatua.

Kwanza, mchezo wenyewe ukoje?

Kama hujawahi kuangalia hoki ya barafu, usijali. Ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya uwanja wa barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vyembamba chini, na badala ya mpira wanapiga kisahani kigumu cha mpira kinachoitwa paki. Kila timu ina watu sita uwanjani, kipa akiwemo. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20.

Paki ina uzito wa kama gramu 160 hadi 170. Inaonekana ndogo, ila ni ngumu, na ikipigwa kwa nguvu inakwenda kasi kuliko gari barabarani. Enzi za O'Ree, miaka ya 1950, wachezaji wengi hawakuvaa kofia ngumu wala kinga ya uso. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Na usidhani ni mchezo wa watu wa mbali tu. Nairobi kuna uwanja wa barafu tangu 2005, ndani ya hoteli ya Panari kwenye barabara ya Mombasa. Hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Kenya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilisafiri hadi Kanada na kucheza upande mmoja na nyota wawili wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Sasa turudi kwa O'Ree.

Kitinda mimba wa Fredericton

Alizaliwa Oktoba 15, 1935, mji wa Fredericton, jimbo la New Brunswick, mashariki mwa Kanada. Alikuwa kitinda mimba katika familia kubwa ya watoto 13. Mababu zake walikimbia utumwa Marekani wakavuka mpaka kuingia Kanada.

Fredericton wakati huo ilikuwa na familia mbili tu za watu weusi. Kwa hiyo marafiki zake, wachezaji wenzake na wapinzani wake karibu wote walikuwa weupe.

Kule baridi ikiingia, barafu iko kila mahali, hata uani. O'Ree alianza kuteleza akiwa na miaka mitatu. Miaka mitano tayari anacheza kwenye timu za watoto. Kaka yake mkubwa, Richard, ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Alimfundisha kupokea vikumbo uwanjani, na akamfundisha pia kuvumilia maneno, maana alijua yatakuja.

Dogo alikuwa na kasi ya ajabu. Kasi hiyo ndiyo iliyombeba maisha yake yote ya soka la barafuni, kama tukiruhusiwa kuliita hivyo.

Alipokutana na Jackie Robinson

O'Ree alicheza pia besiboli, na alikuwa mzuri. Mwaka 1949, akiwa kijana wa miaka 13, timu yake ya besiboli ilipata safari ya kwenda New York. Huko alikutana na Jackie Robinson, ambaye miaka miwili kabla, mwaka 1947, alikuwa amevunja ubaguzi wa rangi kwenye ligi kuu ya besiboli ya Marekani.

O'Ree husimulia kwamba alimwambia Robinson anacheza besiboli na hoki pia. Robinson akashangaa. Hakujua kama kuna watoto weusi wanaocheza hoki.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1962, walikutana tena kwenye hafla mjini Los Angeles. Kwa simulizi ya O'Ree, Robinson alimkumbuka. Safari hiyo kijana wa Fredericton alikuwa tayari amefanya kwenye hoki kile ambacho Robinson alifanya kwenye besiboli.

Basi la kutoka Georgia

Mwaka 1956 klabu ya besiboli ya Milwaukee Braves ilimwita kwenye majaribio Waycross, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona sheria za ubaguzi kwa macho yake. Vyoo vya weupe, vyoo vya weusi. Maji ya kunywa ya weupe, ya weusi peke yake.

Hakuchaguliwa. Akapanda basi kurudi nyumbani, safari ya siku kadhaa. Alianza akiwa amekaa nyuma kabisa, kwa sababu mweusi hakuruhusiwa kukaa mbele. Kadiri basi lilivyokwenda kaskazini, naye akawa anasogea mbele kiti kwa kiti. Alipofika Kanada alikuwa ameshaamua: besiboli baasi, sasa ni hoki tu.

Lakini kabla ya safari hiyo, kuna jambo lilikuwa limeshatokea. Na hili ndilo kiini cha habari yote.

Siku paki ilipompiga usoni

Msimu wa 1955-56, O'Ree akichezea timu ya vijana ya Kitchener, jimbo la Ontario, alikuwa amesimama mbele ya goli. Shuti likapigwa, paki ikagusa gongo, ikabadili njia na kumpiga kwenye jicho la kulia.

Alipoamka hospitali, daktari alimpa habari mbaya. Jicho la kulia limepoteza asilimia 95 ya uwezo wa kuona. Hutacheza hoki tena.

Alikuwa na miaka 20.

Ndani ya wiki nane hivi alikuwa ameshavaa viatu na kurudi kwenye barafu. Hesabu yake ilikuwa rahisi: jicho moja bado linaona, miguu bado ina kasi, kwa nini niache?

Kulikuwa na tatizo moja kubwa. NHL ilikuwa na kanuni inayomzuia mchezaji aliyepoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja. Sababu yake si ya kijinga. Mtu mwenye jicho moja akipigwa tena kwenye lile zima, anabaki kipofu maisha yake yote. Na usisahau, hakukuwa na kinga ya uso.

O'Ree alichagua kunyamaza. Hakuwaambia hata wazazi wake. Dada yake mmoja na watu wachache sana ndio waliojua. Klabu nazo hazikumpima macho. Zilimwangalia akiteleza, zikaona kasi, zikaridhika.

Kwa hiyo kila alipoingia uwanjani alikuwa anaweka rehani vitu viwili kwa mpigo: kazi yake, na jicho lake la pekee lililobaki.

Januari 18, 1958: usiku wa Montreal

Mwaka 1956 alisaini mkataba wa kulipwa na Quebec Aces, timu iliyokuwa chini ya kocha Punch Imlach. Huko alionekana na watu wa Boston Bruins.

Ili uelewe ugumu wa kuingia NHL wakati huo, angalia hesabu hii. Ligi nzima ilikuwa na timu sita tu: Montreal, Toronto, Boston, New York, Chicago na Detroit. Ukijumlisha wachezaji wote ni nafasi kama 120 hivi. Dunia nzima.

Januari 1958 Boston ilikuwa na pengo kwa sababu ya majeruhi. Wakamwita O'Ree akutane nao Montreal. Jumamosi ya Januari 18 akaingia uwanjani dhidi ya Montreal Canadiens, kwenye uwanja maarufu wa Forum. Boston ikashinda 3-0. Hakufunga, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Ajabu ni kwamba dunia haikutetemeka. Robinson alipoingia besiboli, Marekani nzima ilijua. O'Ree alipoingia hoki, magazeti yaliandika kidogo tu. Mwenyewe amesimulia kwamba hakujua kama ameweka historia mpaka aliposoma gazeti siku iliyofuata.

Alicheza mechi mbili tu msimu huo, akarudishwa ligi ya chini.

Bao la Mwaka Mpya, na meno mawili ya Chicago

Nafasi ya pili ilikuja msimu wa 1960-61. Safari hii alikaa, akacheza mechi 43. Boston yenyewe ilikuwa hoi, ilimaliza mkiani.

Januari 1, 1961, nyumbani Boston Garden, dhidi ya walewale Montreal Canadiens, O'Ree alifunga bao lake la kwanza. Ndilo bao la kwanza la mweusi kwenye historia ya NHL. Boston ilishinda 3-2 na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi.

Hiyo ni sura nzuri ya Boston. Ugenini ilikuwa hadithi nyingine, hasa kwenye miji ya Marekani. Matusi ya rangi yalitoka jukwaani, yakatoka pia kwa wapinzani.

Kibaya zaidi kilikuwa Chicago. Kwa simulizi ya O'Ree mwenyewe, mpinzani mmoja alimtukana kwa rangi yake, kisha akamchoma usoni na mwisho wa gongo. Pua ikavunjika, meno mawili ya mbele yakang'oka. O'Ree akamjibu kwa gongo kichwani. Vurugu ikazuka, akatolewa uwanjani kwa usalama wake.

Hajawahi kujivunia siku ile. Alikuwa na msimamo kwamba hatapigana kwa sababu ya maneno. Mtu akimgusa, hapo ndipo atajitetea. Aliona kwamba akipigana kila akitukanwa, atamaliza msimu kwenye benchi la adhabu, na waliotaka aondoke watakuwa wamepata walichotaka.

Winga wa upande usiofaa

Sasa hapa ndipo lile jicho linapoingia kwenye takwimu zake.

Boston walimchezesha winga wa kushoto. Hebu piga picha. Winga wa kushoto anakimbia pembezoni kushoto kuelekea goli la wapinzani. Uwanja wote, wenzake wote na pasi karibu zote ziko upande wake wa kulia. Yaani upande wa jicho lisiloona.

Ili aione pasi, ilibidi ageuze kichwa chote juu ya bega la kulia, huku anateleza kwa kasi na mabeki wanakuja kumgonga. Sekunde hiyo moja ya kugeuka ni kubwa sana kwenye hoki. Mara nyingine paki ilimpita. Mara nyingine alipata nafasi nzuri akakosa.

Makocha waliona kijana mwenye kasi ambaye umaliziaji wake haueleweki. Hawakujua sababu, na yeye hakuweza kuwaambia. Hangeweza hata kuomba, "kocha, nipeleke upande wa kulia," bila kuulizwa kwa nini.

Siri iliyompitisha mlangoni ndiyo hiyohiyo iliyomzuia kucheza vizuri alipokuwa ndani.

Msimu ulipoisha, Boston ilimuuza kwa Montreal, timu iliyokuwa imejaa nyota. Akapelekwa timu ya akiba. Hakucheza NHL tena. Alikuwa na miaka 25.

California: hatimaye upande sahihi

Watu wengi wanaishia hapo, na ndiyo maana wanapotea. Maisha ya kazi ya O'Ree hayakuisha 1961. Yalikuwa bado yanaanza.

Mwishoni mwa 1961 alitua Los Angeles Blades, timu ya ligi ya magharibi iliyoitwa WHL. NHL haikuwa na timu yoyote California mpaka 1967, kwa hiyo WHL ndiyo iliyokuwa hoki kubwa ya pwani hiyo.

Akiwa Blades kocha wake alimhamisha kwenda winga wa kulia. Badiliko dogo tu kwenye karatasi. Lakini sasa uwanja wote ulikuwa upande wake wa kushoto, upande wa jicho zima. Pasi aliziona zinakuja. Hakuwa na haja ya kugeuza shingo.

Matokeo? Msimu wa 1964-65 alifunga mabao 38. Baadaye akahamia San Diego Gulls, na msimu wa 1968-69 akafunga tena 38. Katika miaka yake ya WHL alifikisha mabao 30 au zaidi kwa misimu minne. San Diego wakampenda hadi wakaistaafisha jezi yake namba 20.

Huyo ndiye mchezaji ambaye Boston walidhani hajui kumalizia.

Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika angefunga mangapi NHL kama angechezeshwa kulia tangu mwanzo. Ila ukilinganisha mabao 4 na mabao 38, unaelewa kwamba zile mechi 45 hazimpimi.

Mwaka 1967 NHL ilipanuka kutoka timu 6 hadi 12. Nafasi zikawa mara mbili, lakini O'Ree alikuwa anakaribia miaka 32 na simu haikulia. Aliendelea kucheza ligi nyingine hadi msimu wa 1978-79, akiwa na miaka 43. Jumla, zaidi ya miaka 20 ya hoki ya kulipwa, yote kwa jicho moja.

Aliyefuata alichelewa miaka 13

Ungetegemea kwamba baada ya O'Ree wachezaji weusi wangemiminika. Haikuwa hivyo. Mweusi wa pili kucheza NHL, Mike Marson wa Washington Capitals, alikuja mwaka 1974. Miaka 13 tangu O'Ree atoke.

Na si kwamba weusi walikuwa hawachezi. Mwaka 1895, kabla NHL haijazaliwa, watu weusi wa Nova Scotia, Kanada, walikuwa tayari na ligi yao wenyewe. Herb Carnegie wa Toronto alitajwa kuwa kati ya wachezaji bora wa miaka ya 1940 na hakupewa nafasi ya kucheza NHL. Vipaji vilikuwepo, milango ndiyo iliyofungwa.

Baadaye ndipo wakaja wengine. Kipa Grant Fuhr akawa mweusi wa kwanza kutwaa Kombe la Stanley, mwaka 1984 akiwa na Edmonton Oilers. Jarome Iginla, ambaye baba yake ni Mnigeria, alistaafu akiwa na mabao 625 NHL.

Kutoka mlinzi wa hoteli hadi Ukumbi wa Heshima

Baada ya kustaafu O'Ree hakuwa tajiri. Mishahara ya hoki ya enzi zake haikuwa ya kumfanya mtu aache kufanya kazi. Alifanya kazi za ulinzi San Diego, ikiwemo kwenye hoteli moja kubwa ya mji huo. Wageni walipita mlangoni bila kujua wanamsalimia nani.

Miaka ya 1990 ikielekea mwisho, NHL ikamtafuta. Kazi aliyopewa ilikuwa kuzunguka miji ya Amerika Kaskazini kuwafundisha hoki watoto ambao mchezo huo haukuwafikia: watoto weusi, wa Kilatino, wa familia za kipato cha chini. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Kwa mujibu wa NHL, mpango huo umegusa watoto zaidi ya 120,000.

Ndiyo maana mwaka 2018 alipoingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Hoki kule Toronto, hakuingia kama mchezaji. Aliingia kwenye kundi la wajenzi, yaani watu waliojenga mchezo.

Januari 18, 2022, miaka 64 kamili tangu ule usiku wa Montreal, jezi yake ilipandishwa juu ya dari ya uwanja wa Boston. O'Ree, miaka 86, hakuweza kusafiri kwa sababu ya korona. Aliangalia kwa video akiwa San Diego.

Willie O'Ree kwa haraka

- Kuzaliwa: Oktoba 15, 1935, Fredericton, Kanada
- Kuumia jicho: msimu wa 1955-56, akiwa Kitchener
- Mechi ya kwanza NHL: Januari 18, 1958, Montreal 0-3 Boston
- Bao la kwanza NHL: Januari 1, 1961, dhidi ya Montreal
- Jumla NHL: mechi 45, mabao 4, pasi za mabao 10
- Misimu bora: 1964-65 na 1968-69, mabao 38 kila mmoja, WHL
- Kustaafu: 1979
- Ukumbi wa Heshima wa Hoki: 2018
- Jezi namba 22 kustaafishwa Boston: Januari 18, 2022

Kule Fredericton alikozaliwa, tangu 2008 kuna jengo la michezo lenye viwanja vya barafu linaloitwa Willie O'Ree Place. Mtoto anayejifunza kuteleza pale leo anaanzia mji uleule alioanzia yeye, na jina la mlangoni ni la mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hatacheza tena.